Sekunde Tatu za Sajini Nolari

Goti langu la kushoto liligoma kwenye ngazi ya tatu. Nikasimama hapo, mkono mmoja umeshika chuma, nikijifanya nakagua boliti, ili Fundi Elirehema aliyekuwa chini asijue kwamba nimekwama.

"Nikusukume, Sajini?"

"Ukinigusa nitakukanyaga na hili jitu nikishaliwasha."

Alichekea puani. Elirehema ni Mmeru, fundi wa majitu hapa Lengarwa kwa miaka kumi na tisa, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alijua vizuri kabisa kwamba pale hapakuwa na boliti. Nikapiga moyo konde, nikapanda ya tatu, nikapanda ya nne, nikaingia kifuani mwa jitu na kujitupa kitini. Kiti kilikuwa na mto mpya. Zamani kichwa changu kilifika kwenye alama nyeupe iliyo juu ya kioo. Siku hizi mgongo umeshuka, na huyu bwana alikuwa amenishonea mto bila kuniuliza, ili nione mbele. Sikumshukuru. Ningefungua mdomo kumshukuru ningelia, na asubuhi ile sikutaka kulia mbele ya mtu.

Jitu lenyewe ni chuma cha miguu miwili, urefu wa watu watatu waliopandana mabegani. Mkono wa kulia una mkuki, wa kushoto una ngao. Mtu anakaa kifuani nyuma ya kioo kinene, na ukiinua mkono wako, nalo linainua wake. Katika Vita Vikubwa tulikuwa na majitu mia nane upande wetu peke yake, na juu yetu ndege zisizo na rubani, zikiongozwa na watu walioketi ofisini na kikombe mezani. Vilipokwisha, waliobaki hai wakaandika Mkataba. Wilaya mbili zikigombana na kushindwa kabisa kuelewana, kila moja itoe jitu moja, na ndani ya kila jitu awemo mtu mzima anayeweza kufa. Bila mtu, hakuna vita. Walitaka kila anayechokoza ugomvi ajue mapema jina la atakayezikwa.

Safari hii ugomvi ulikuwa wa chemchemi ya Enaipor, kati yetu sisi wa Lengarwa tulio juu mlimani na wenzetu wa Kisera walio bondeni. Na jina upande wetu lilikuwa langu. Nilikuwa nimeomba mara nne katika magomvi mengine, wakanikataa mara nne, kwa adabu, wakanipa mablanketi. Safari hii walinikubali siku ile ile nilipoomba. Nilidhani ni heshima. Mtu akishakula chumvi nyingi huwa mwepesi kudanganyika kwa vitu vya namna hiyo.

Kapteni Parmet aliingia karakana saa moja na nusu, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Yeye ndiye mkuu wa ulinzi wa wilaya yetu. Vita ameviona kwenye picha.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Sema upesi, kiti kinaniuma."

"Kisera wametangaza chapa watakayotumia." Akatabasamu kama mtu aliyebeba zawadi. "Namba nane."

Elirehema aliacha kukaza alichokuwa anakaza. Mimi nilihisi baridi kwenye meno.

Acha nieleze chapa ni nini, maana vijana wengi wanazipanda bila kuzijua. Katika Vita Vikubwa sisi askari wa majitu tulivaa kofia zenye nyaya. Kofia haikuandika mawazo. Iliandika kile ambacho mwili unafanya kabla kichwa hakijapata habari: mguu unavyokwepa, mkono unavyorusha, bega linavyojiandaa. Ya kila askari ikahifadhiwa peke yake na kupewa namba. Jeshi lilipovunjwa, wilaya ziligawana. Leo mtu ambaye hajawahi kushika hata fimbo anaweza kuketi ndani ya jitu, akaweka mikono mapajani, na chapa ya askari hodari aliyekufa zamani ikampigania. Mkataba unataka mtu awemo. Haukusema mtu huyo afanye kazi.

Namba nane ni mimi, nilipokuwa na miaka ishirini na saba.

"Kwa hiyo napigana na mimi mwenyewe," nikasema.

"Na hiyo ndiyo bahati yetu. Tulihisi wataichagua, ndiyo maana tulikukubali." Parmet akasogea chini ya kioo changu, akashusha sauti. "Kila mtoto wa shule anajua habari ya Korongo la Mawe Meupe. Jitu la adui lilielemewa, likang'oa nyasi, likazinyanyua. Wewe ukasimama. Ukahesabu moja, mbili, tatu. Ndipo yule adui akakusaliti, akarusha mkuki, nawe ukamuua. Kofia ilikuwa kichwani siku hiyo. Sivyo?"

"Ilikuwa kichwani."

"Basi kusimama kwako kumo ndani ya namba nane. Ukinyanyua nyasi mbele yake, itasimama. Sekunde tatu, Sajini. Zinatosha kupitisha mkuki."

Kwetu jambo la nyasi halina mjadala. Mtu anapigwa, akiwahi kung'oa nyasi na kuzinyanyua, anayempiga anaacha. Hata mama anayemchapa mtoto fimbo anaacha, hasira zikiwa bado zinamchemka, kwa sababu ng'ombe wanaishi kwa nyasi na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Walioandika Mkataba waliliweka hilo kwenye ibara ya kumi na moja: nyasi zikinyanyuliwa na zikipokelewa, vita vimekwisha, hakuna mshindi, pande mbili zinaketi na haziinuki mpaka zielewane. Anayenyanyua nyasi kisha akashambulia, wilaya yake inapoteza kila kitu.

"Ibara ya kumi na moja unaikumbuka?" nikamuuliza.

"Neno kwa neno. Imeandikwa, 'mkono wa mtu.' Mkono wa jitu ni mkono wa chuma. Mbele ya waamuzi hizo hazitakuwa nyasi, zitakuwa majani tu yaliyonata kwenye mashine. Lakini chapa haijasoma Mkataba."

"Hilo ni jambo chafu, Parmet."

"Yeyo," akasema. Ndivyo tunavyomwita mama, na Parmet huniita hivyo anapotaka kitu, siku nyingine zote mimi ni Sajini. "Yeyo, Enaipor ikienda Kisera, watu elfu nne watafunga mizigo. Na mjukuu wako yumo. Kama huwezi, sema sasa. Lemurt, kijana wa akiba, amevaa yuko nje, anapanda ngazi hii bila kupumzika."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja tu ingetosha: Kapteni, hizo sekunde tatu hazimo. Angenishusha kwenye kiti kile. Angejua, na baada yake wangejua wote, na mimi ningerudi nyumbani kwenye mablanketi yangu bila vita na bila jina. Nikaweka mto sawa.

"Nimeelewa," nikasema. Akapiga saluti, akaondoka na buti zake.

*

Elirehema alipanda kunifunga mikanda. Alikaza wa bega la kulia, wa bega la kushoto, akapima kwa kidole kama ninapumua.

"Sajini."

"Nini?"

"Pale korongoni. Moja, mbili, tatu. Ulihesabu kwa Kiswahili au kwa Kimasai?"

Miaka thelathini na tisa nimesimulia kisa kile. Nimekisimulia kwa wakuu wa mikoa, kwa watoto, kwa watu wa redio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Kimasai," nikasema.

"Kwenye kitabu cha shule wameandika Kiswahili."

"Mwandishi wa kitabu hakuwepo."

"Ni kweli, hakuwepo." Alinitazama jinsi anavyotazama boliti ambayo uzi wake umekwisha, akakaza mkanda wa kiuno, akashuka. Hakuniuliza tena.

Basi nikwambie wewe, kwa kuwa sasa hakuna cha kuficha. Asubuhi ile ya korongo rafiki yangu Sintamei aliungua ndani ya jitu lake, nami nilimsikia kwenye redio mpaka mwisho. Saa sita mchana nikalibana jitu la adui kwenye mawe meupe. Lilikuwa limepoteza ngao. Liliinama, nikadhani linatafuta silaha, likainuka na nyasi. Niliziona vizuri. Mizizi ilikuwa na udongo, na udongo ulikuwa unadondoka. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza safari, hilo ni kweli, lakini nilikuwa na nafasi ya kuuzuia na sikuuzuia. Nilitaka afe. Mguu wa kushoto mbele, mkuki kutoka chini, na yakaisha.

Wakubwa walipofika, waliona mkuki wa yule mtu umelala karibu na miguu yangu. Wao wenyewe ndio walioniuliza, "Alikusaliti?" Nikasema ndiyo. Kusema ndiyo hakukuwa kugumu hata kidogo. Sekunde tatu niliziongeza baadaye, nilipokisimulia mara ya tatu au ya nne, kwa sababu watu walizipenda.

Tangu hapo nilitaka pambano moja tu. Moja safi, mtu kwa mtu, nishinde au nife bila ya uongo wowote kati yangu na anayenikabili. Niliona aibu kutamani kitu hicho katika umri wangu, lakini nilikitamani. Na usifikiri nilikuwa naenda kujiua. Nilikuwa na mpango wangu. Pigo lile la kutoka chini lina kasoro ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuiona: kabla mkuki haujapanda, bega langu la kushoto linanyanyuka. Linanyanyuka kidogo tu, lakini kwapa linabaki wazi, na nyuma ya kwapa la jitu upo mshipa mkubwa wa umeme, na nyuma ya mshipa kipo kiti. Dunia nzima mwenye kuijua kasoro hiyo nilikuwa mimi. Ningelisubiri bega. Nyasi za Parmet zingebaki ardhini, Enaipor ingebaki Lengarwa, na mimi ningekuwa nimeshinda kweli, walau mara moja.

*

Uwanja ni tambarare iliyochomwa moto mwezi uliopita, nyasi fupi mpya zimeanza kutoka mafungumafungu. Watu wa Lengarwa walijaa kaskazini mwa uzio, wa Kisera kusini, na waamuzi watano walikaa jukwaani katikati. Saa tatu kamili kipaza sauti kikasoma majina, kama sheria inavyotaka.

"Kwa Kisera, Saning'o Lekule, mwalimu wa hesabu, umri miaka ishirini na tisa. Kwa Lengarwa, Nolari Kimeri, sajini mstaafu, umri miaka sitini na sita."

Watu wa Kisera walinipigia makofi. Mimi ni adui yao, na wakanipigia makofi, kwa sababu hata kwao nimo kitabuni, ukurasa ule ule. Nilitamani wanizomee.

Filimbi ikalia. Jitu la Kisera likaanza kuja.

Sijui nikueleze vipi. Umewahi kusikia sauti yako kwenye simu ukachukia? Lilikuja limeinama, ngao mbele, likitupa mguu wa kulia nje kidogo kila hatua ya tatu, kwa sababu nilipokuwa msichana punda alinikanyaga kisigino cha kulia. Jitu la chuma, limetengenezwa Kisera juzi juzi, linachechemea kwa punda wa baba yangu. Nilikuwa mwepesi hivyo kweli? Niliona wivu, nakiri. Nikanyanyua ngao.

Pigo la kwanza nililijua, nikalikwepa. La pili nalo nililijua, likanipata. Huo ndio uzee. Nilijua kila kitu sekunde moja kabla, na goti langu lilijua sekunde moja baadaye. Likanizungukia kushoto, kama nilivyojua litazunguka, likagonga ngao yangu mara tatu mahali pale pale, na mara ya tatu ngao ikapasuka na mkono wa kushoto wa jitu langu ukaning'inia. Ndani ya kiti mkono wangu mwenyewe ulikufa ganzi mpaka shingoni.

"Nyasi," sauti ya Parmet ikasema masikioni mwangu. "Yeyo, nyasi. Sasa."

"Bado."

"Utatumaliza sote, mama. Inama uchukue nyasi."

"Nimesema bado."

Nikarudi nyuma hatua nne, tano, nikijifanya nimechoka, na kujifanya huko hakukuhitaji ufundi. Nilikuwa namtega msichana wa miaka ishirini na saba mwenye hasira, na najua anachofanya akimwona adui anarudi nyuma. Anapenda kumaliza. Likasogea. Likashusha mkuki chini. Mguu wa kushoto ukaja mbele.

Na bega likanyanyuka.

Kwapa likawa wazi kabisa mbele ya mkuki wangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima, umeshavutwa nyuma, na goti kwa mara ya kwanza siku hiyo lilikuwa mahali pake. Hatua mbili tu zilikuwa kati yetu. Nikamwona mtu nyuma ya kioo.

Mikono yake ilikuwa mapajani. Macho ameyafumba, kama abiria anayeogopa mteremko. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu. Mwalimu wa hesabu, amewekwa ndani ya chuma kinachoendeshwa na mwanamke asiyemjua, anahesabu ili asipige kelele. Hakuwa amenyanyua mkono dhidi yangu, wala dhidi ya mtu yeyote. Mapigo yote yaliyonipata asubuhi ile yalikuwa yangu. Nikimchoma huyu, nani nitakuwa nimemshinda? Yule niliyemtaka angebaki salama kwenye chapa yake, mwaka ujao apewe abiria mwingine.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza safari. Nikauzuia.

*Nabo*, nikasema. Moja. Niliisema kwa sauti. *Are*. Parmet alikuwa anapiga kelele. *Uni*.

Hizo ndizo sekunde tatu, na ni za kweli. Nilizihesabu kwa Kimasai.

Mkuki ukapanda kutoka chini kama ulivyopanda korongoni. Uliingia nyongani mwa jitu langu, ukatokea upande wa pili, ukazama ardhini. Nikaanguka na chuma chote. Kioo kilipasuka, mdomo ukajaa damu, lakini miguu yangu niliihisi yote miwili.

Jitu la Kisera likaniwekea mguu tumboni likaanza kuvuta mkuki. Muda wake niliujua. Unazungusha mara mbili, unavuta mara moja kwa nguvu, unauinua, unamaliza. Nikabonyeza swichi nyekundu pembeni mwa kofia, ile inayopeleka sauti yako kwenye vipaza sauti vya uwanja mzima. Nikafungua mikanda ya Elirehema, nikasukuma mlango kwa mgongo, nikadondoka kwenye majivu.

Likazungusha mara ya kwanza.

Nilitambaa. Wakati wa kuona aibu ulikuwa umepita, nilitambaa kama mtoto mchanga mpaka kwenye fungu la nyasi, nikashika konzi moja, nikavuta. Zikakataa. Nikavuta tena kwa mikono miwili zikang'oka na mizizi. Likazungusha mara ya pili.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kila upande wa uwanja, nzito, ya bibi kizee. "Mwalimu Saning'o. Fumbua macho."

Kichwa kilicho nyuma ya kioo kikatikisika.

"Fumbua macho, mwanangu, unitazame. Anayekuendesha ni mimi. Kule korongoni nyasi zilinyanyuliwa mbele yangu, kama hizi. Sikusimama. Hakuna aliyenisaliti. Sikuhesabu moja wala tatu. Niliziona, na nikamuua mwenye kuzinyanyua, halafu nikadanganya miaka thelathini na tisa. Chapa hiyo haitasimama kwa nyasi, kwa sababu mimi sikusimama."

Jitu likavuta. Mkuki ukachomoka na mafuta meusi.

"Chini ya goti lako la kushoto kuna mpini mwekundu. Unaitwa breki ya mtu. Mkataba uliuweka hapo, na mafundi wenu wamekwambia usiuguse, maana anayevuta breki katikati ya vita anakufa. Ni kweli, anaweza kufa. Mimi sina silaha. Nina nyasi, na huu ni mkono wa mtu. Vuta breki."

Nilipiga magoti, goti bovu na goti zima, nikanyanyua nyasi juu kadiri bega lilivyoruhusu. Udongo ulinidondokea usoni. Sikufumba macho. Nilimtazama usoni jinsi ambavyo yule wa korongoni bila shaka alinitazama mimi, na nikajua sasa jinsi mtu anavyotazama akiwa hapo. Mguu wa kushoto wa jitu ukaja mbele. Bega likanyanyuka. Mkuki ukaanza kupanda.

Chuma kikapiga ukelele ndani kwa ndani, mkuki ukakwama hewani. Ncha yake ilikuwa imefika kwenye kifungo cha juu cha koti langu.

*

Waamuzi walisogeleana wakanong'onezana. Kisha mmoja wao, mwanamke, akasoma ibara ya kumi na moja tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye maneno "mkono wa mtu" akayasoma mara mbili. Nyasi zimenyanyuliwa, nyasi zimepokelewa. Hakuna mshindi. Lengarwa na Kisera wataketi kuanzia kesho kuhusu Enaipor, na hawatainuka mpaka waelewane. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Kaskazini mwa uzio nilimwona mjukuu wangu amejishika kichwa kwa mikono yote miwili. Sikuweza kujua alikuwa ananililia au ananionea haya, na haki ya vyote viwili alikuwa nayo.

"Ulikuwa na kwapa lake wazi," Parmet akasema sikioni mwangu, polepole, kama mtu asiyeamini. "Nimeona. Tungepata chemchemi yote."

"Ndiyo."

"Hutaitwa tena Sajini Lengarwa hii. Nitahakikisha."

"Sawa, Kapteni," nikasema, nikavua kofia.

Saning'o alishuka ngazi za jitu lake nyuma mbele, akikosea kila ya pili. Alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Akaja akapiga magoti mbele yangu kwenye majivu, akachukua nusu ya nyasi mkononi mwangu, kama desturi inavyotaka, na nusu ikabaki kwangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Nilifika mia mbili na kumi na nne," akasema. "Kuhesabu. Nilikuwa nimejiambia nikifika mia tatu yatakuwa yameisha."

"Umefanya vizuri, mwalimu."

Ndipo tulipousikia mlio. Ulitoka juu yetu, mlio wa chuma kinachobanwa. Tukainua macho. Jitu lilikuwa limesimama, breki imelishika kila kiungo, lakini mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Mkuki ulisogea mbele upana wa kidole, ukarudi. Ukasogea tena.

"Koko," akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu, "mbona haiachi? Nimevuta yote mpaka mwisho."

"Haijui kuacha. Haikufundishwa."

Elirehema alifika anahema, spana mkononi. Aliutazama mkono ule, akanitazama mimi. Alikuwa ameyasikia yote kwenye vipaza sauti, kama watu wote, na uso wake haukuwa na mshangao wowote.

"Breki itashika nusu saa," akasema. "Kwa swichi haizimiki, inabidi mtu apande aufungue mshipa wa umeme ulio nyuma ya kiti. Lakini ukiufungua na chapa ikiwa inafanya kazi, chapa inaungua. Hakuna nakala nyingine. Namba nane itakuwa imekwisha, Sajini. Yote. Kila ulichokijua wakati ule." Akajipangusa mkono kwenye suruali. "Naweza kupanda mimi."

"Nipe spana."

Akanipa. Nilikwenda mpaka chini ya jitu la Kisera, nikapita chini ya mkuki wangu unaotetemeka, nikashika chuma. Ngazi ya kwanza nikapanda. Ya pili nikapanda. Kwenye ya tatu goti likagoma, nikasimama pale mbele ya wilaya mbili zinazonitazama, na hapakuwa na boliti yoyote ya kujifanya naikagua.

Saning'o alikuwa amenifuata. Nilimsikia anakohoa chini yangu, kwa aibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mkubwa wake.

"Koko, nikusukume?"

Juu yangu mkono ule ulisukuma, ukarudi, ukasukuma tena.

"Nisukume," nikamwambia.